Kompyuta Inayouliza Kama Umekula

"Usiichomeke flashi hiyo humo, kaka! Itaingia nzima itoke na virusi, halafu mkunga anifokee mimi!"

"Virusi gani? Mashine yangu naijua mwenyewe."

"Unaijua! Kompyuta za mtaa mzima unazisasisha, ya kwako umeiacha na mfumo wa enzi za Nuhu. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini wewe umeachia mpaka chawa!"

Binti akaipokonya ile flashi, akanigeukia. "Bibi, sema na mumeo. Mimi amenishinda."

Hao ni wajukuu zangu. Mume wangu wa utani ni fundi wa kompyuta, dada yake ni mchapaji, na duka lao ni chumba kimoja cha kuchapa barua na kutoa nakala. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha wateja, nimejikalia kama mteja.

Mume wangu huyu tangu utotoni ni mtu wa kufungua vitu. Aliwahi kuifungua redio ya babu yake amtafute msoma habari. Alipomkosa akalia, nikamwambia ametoka kwa mlango wa nyuma, ana njaa. Tukamwekea sahani ya chakula nyuma ya redio, na asubuhi, naapa, ilikuwa imelambwa safi. Tangu siku hiyo bisibisi haijamtoka mkononi.

Lakini ile kompyuta kubwa ya kwenye kaunta hajaisasisha tangu mkewe afariki. Imezeeka hata ukiiwasha inakohoa, na feni yake ikianza kuvuma, majirani huanua nguo wakidhani mvua imekuja. Waliotengeneza mfumo wake wameacha kitambo kuutia viraka, na kila tundu wanalolitoboa wezi wa mitandaoni linabaki wazi. Maneno hayo si yangu, ni yake. Ndiyo anayowahubiria wateja kutwa.

Kwa nini ameiacha, sote tunajua. Mkewe alirekodi sauti yake humo, akaitegesha mashine iseme pale tu inapowaka: "Umeamkaje? Umekula lakini?" Kila asubuhi fundi hufungua duka, hubonyeza kitufe, hukunja mikono akangoja. Akiulizwa, hujibu. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Bado. Nitakula." Na mfumo mpya utafuta kila alichokitegesha mkewe. Unafunguka kimya.

"Sauti yake si unayo kwenye simu?" dada yake alisema, safari hii kwa upole. "Isikilize muda wowote unaotaka."

"Nikiiwasha mimi, nimejisemesha mwenyewe. Hapa ananianza yeye."

Binti akainamia kibodi yake. Hata mimi, niliyezaliwa na meno yote nikamjibu mkunga, nikajitia kupanga karatasi zisizo zangu.

Lakini tatizo lilikuwapo. Juma lililopita flashi ya mwalimu ilitoka dukani humu ikaenda kuiambukiza kompyuta ya shule. Na leo hii flashi ya mkunga ina tarehe za wajawazito wake wote. Zikipotea hizo, nani atajua nani anajifungua lini?

"Mume wangu," nikasema, "marehemu mke mwenzangu alikuwa akifanya nini kila Ijumaa, akitufukuza wote kwenye kaunta?"

"Alikuwa anasasisha."

"Asasishe nini? Si ilikuwa inafanya kazi?"

"Alisema watu wametukabidhi mambo yao, Bibi. Hakulala na tundu wazi hata siku moja."

"Basi leo angeingia hapa, angekwambiaje?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa na mlango. "Angenitoa kwenye hicho kiti kwa ufagio."

Akavuta kiti, akakaa. "Niacheni niisikie tena kwanza."

Akaizima, akaiwasha. Ikakohoa, feni ikavuma, na yule mwanamke akatuuliza wote kama tumekula. Mjukuu wangu akachomeka flashi yenye mfumo mpya, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, kikabaki kiduara kinazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilikuwa naandaa uongo wangu mmoja niwachangamshe, yeye akanitangulia.

"Bibi, yale hayakuwa maneno ya kwanza."

"Maneno gani?"

"Ya salamu. Alirekodi mengine kabla, akayafuta. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, alidhani sijafika. Sijawahi kumwambia mtu."

Dada yake akaacha kuchapa. "Alisema nini?"

Fundi alikuwa ananitazama mimi. "Alisema, 'Wewe mwanamume wee, usije ukadhani kwamba mimi nitakuwapo milele kukuuliza—'"

"Hodi hapa! Mnatoa nakala?"

Dereva mmoja amejaa mlangoni, leseni mkononi, gari lake linanguruma nje.

Fundi akajifuta uso kwa kiganja, akainuka. "Karibu, ndugu. Pande zote mbili?"