Udongo wa Kilima Changu

Naungama, lakini msamaha siombi. Sebuleni kwangu Riruta nimejenga reli ndogo juu ya meza, yenye stesheni, taa na vilima. Jumamosi mama mkwe alitutembelea, akacheka: "Mwanaume mzima na treni ya watoto?"

Nikapandwa na hasira. Nikawasha taa zote, nikaanza kumweleza ufundi wangu. "Huu udongo, mama, ni majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Nayaokota kwenye pipa la hoteli, nayaanika, nayaweka kwenye mkebe wa buluu pale jikoni."

Mke wangu, aliyetupikia chai, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba Imani, ule wa buluu?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kikombe cha pili. Cha kwanza alikisifu mwenyewe, na hilo hawezi kulikana.