Tulipouacha Msafara Uende

Kuna siku moja naikumbuka kila ninaposhika usukani, na kwa kuwa karibuni unafanya mtihani wa leseni, nataka uijue kabla hujakabidhiwa ufunguo. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua tumepishana miaka michache tu, na shahada yangu haijapata hata fremu, lakini mimi ni mama yako mdogo, na kwetu hilo linatosha.

Tulitoka Iroquois, hapa Louisville, kumpeleka kaka yangu Amani akajitambulishe kwa wakwe zake huko Cheektowaga, karibu na Buffalo. Unajua tunavyosafiri sisi watu wa Kivu: magari yote pamoja, moja nyuma ya jingine, na anayeachwa nyuma anasimuliwa mwaka mzima. Columbus tuliwapitia jamaa wa Clintonville, tukanywa chai, tukawa magari matano. Papa Yona, mzee wa kanisa letu, ndiye aliyeongoza. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nyuma yangu alikaa Nyanya, aliyepaswa kufungua mazungumzo kwa niaba ya familia, na pembeni yangu Mjomba Bahati, dereva wa lori huko Ujerumani, aliyekuja kwa ajili ya shughuli hiyo.

Kabla ya safari nilikuwa nimejisomea mengi kuhusu barabara kuu, kama ninavyojisomea kuhusu kila kitu, hata chumvi. Nilishangaa kuona kwamba barabara za Ujerumani, ambazo sehemu nyingine hazina kikomo cha mwendo, huua watu wachache kuliko zetu za Marekani zenye vibao kila mahali. Nikamwuliza Mjomba kama ni kweli.

"Bon, kukimbia wanakimbia," alisema. "Lakini mstari wa kushoto ni wa kupita tu. Unaangalia kioo, unapita, unarudi kuume. Na hakuna mtu wa kukupita kwa kuume. Hapa naona kila mtu anachagua mstari kama benchi ya kanisa. Akishakaa, hata pasta hamuhamishi."

Nyanya alicheka mpaka akatengeneza upya kilemba chake.

Baada ya Cleveland, Papa Yona alikaza mwendo. Akihamia kushoto, magari yote yanahamia kushoto. Akirudi, yote yanarudi, kama uzi unaofuata sindano. Kisha, tukiwa mstari wa kushoto, lori refu likaingia kati yangu na wenzangu. Mama akapiga simu kutoka gari la mbele.

"Muko wapi? Papa Yona anasema mukaze. Tutafika kwa wakwe kama watu waliopotezana."

Unanijua, mwanangu. Kichwani mwangu wakwe walikuwa wameshasema sisi ni ukoo usio na utaratibu, Amani ameshakataliwa, amezeeka peke yake, na sababu ni mimi. Nikawasha taa ya kuonyesha ili nilipite lile lori kwa kulia.

"Umeangalia kioo ao umeangalia Papa Yona?" Mjomba aliuliza taratibu.

Nikaangalia kioo. Kulikuwa na gari dogo jekundu palepale nilipotaka kuingia, dereva wake anakula mkate huku macho yake yako kwenye simu.

"Yule haangalii barabara," Mjomba alisema. "Wewe pia huangalii. Nani sasa anaendesha hapa?"

"Tutawapoteza, Mjomba."

"Anwani iko mu simu yako. Donc, utapoteza nini?"

Nilizima ile taa. Gari jekundu lilipopita, nikahamia kulia na kuacha nafasi kubwa mbele yangu. Msafara ukaenda zake. Kwa muda niliwazia maafa yote niliyoyajua, halafu nikakosa la kuongeza. Mashamba ya mizabibu yakaanza kupita dirishani. Nyanya alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo.

Tulipofika, chakula kilikuwa kimefunikwa na watu wameketi wakitazamana. Papa Yona alikuwa mlangoni.

"Mwanafunzi wa chuo," alisema, "tumekungoja sana."

"Si yeye tuliyemngoja," alijibu babu wa bibi harusi, akimwonyesha Nyanya aliyekuwa bado garini. "Tulimngoja mama huyu. Ninyi mlikuwa mnakimbilia nini bila msemaji wenu?"

Watu wakacheka, Papa Yona akiwa wa kwanza. Nyanya akashuka, akaingia, akaomba maji, akazungumza kwa sauti ya mtu aliyepumzika. Jioni ile Amani alikuwa ameshapata wakwe.

Basi, mwanangu, sikukatazi kupenda msafara. Ndio ulionilea mimi pia. Wala mwendo peke yake si adui, maana wale Wajerumani wanakimbia na wanafika. Ila usihame mstari kwa sababu aliye mbele amehama. Kwanza kioo, kisha tazama nyuma ya bega, ndipo usukani. Ukishapita, rudi kulia uwaachie wengine njia. Anayekuhimiza kwa simu, mwachie Nyanya amjibu. Na kabla ya kuondoka, hakikisha kila dereva ana anwani, ili asiwepo wa kuogopa kuachwa.

Mungu akae nawe mbele na nyuma ya gari lako. Akupe macho ya kuona mbali na moyo usio na haraka, na wote utakaowabeba washuke salama, wakipiga miayo.