Kilima cha Ukutani

Jumanne moja, miezi mitatu iliyopita, nilirudi Malvern, mtaa wa Johannesburg, rafiki yangu, kwenye ile nyumba ya matofali mekundu kando ya Jules Street ambako bibi alinilea. Sikurudi kwa sababu nilipakumbuka. Asubuhi hiyo mjomba alikuwa amenipigia simu kutoka Kongo, amesimama kwenye kilima chetu, na nyuma ya sauti yake nilisikia mashine zikinguruma. Wachimbaji wa dhahabu wameshakula nusu ya kilima, alisema, na kesho wanaanza upande uliobaki. Alitaka kuhamisha mifupa ya mama yangu kabla hawajaifikia.

Mama alizikwa na bibi peke yake, siku ile ya kukimbia vita, mimi nikiwa nimefungwa mgongoni. Mjomba wakati huo alikuwa tayari kambini Tanzania. Na bibi naye ameshakufa, huku huku Johannesburg.

"Alikuonyesha wewe tu, mama," mjomba aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la dada yake. "Niambie ni wapi."

Nilipajua. Kidole changu kingefika pale hata macho yakiwa yamefumbwa. Lakini bibi alinionyesha kwenye picha, na picha ile haikuwa ya kilima chetu.

Tulipohamia chumba kile cha Jules Street tuliikuta imeshatangulia ukutani, kubwa kama meza, ndani ya fremu yenye kioo. Mwenye nyumba alisema tusiiguse, ni mali ya nyumba. Bibi aliweka cherehani yake chini yake, na miaka yote aliyoshona sare za kwaya za Wakongo wa mtaa ule, kila alipoinua macho aliona kilima. Kilikuwa kimelala kama ng'ombe aliyeshiba, mgongo mrefu, nyasi fupi zilizotafunwa na kondoo. Chini kwenye mteremko majani yalikuwa na rangi ya kutu. Juu kidogo, vichaka vya miiba vilivyojaa maua ya manjano. Ukuta wa mawe yasiyo na saruji ulipanda kilima ukijipinda, na karibu nao ulisimama mti mmoja mweusi ambao upepo ulikuwa umeuinamisha upande mmoja hadi ukaonekana kama mtu anayefunga viatu. Maji yalitoka kati ya mawe mawili na kuteremka bondeni. Kivuli cha wingu kilifunika nusu ya kilima. Utotoni nilingoja kivuli kile kisogee.

Sisi hatukuwa na picha hata moja ya kwetu. Tulipokimbia bibi alinibeba mimi, sufuria na mkasi wake wa ushonaji. Nilipofika umri wa kuuliza mama yuko wapi, bibi alichukua chaki ya fundi, ile bapa ya kuchorea nguo, akapiga msalaba mdogo juu ya kioo, kati ya ukuta na mti. "Yuko hapa," alisema, akaendelea kushona.

Basi nikakua nikiwa na kwetu. Watoto wa mtaani walikuwa na spaza, kile kiduka cha kona, na robot, zile taa za barabarani walipouzia njugu, na yale marundo ya manjano ya migodini yaliyozunguka mji. Kwa mbali nilidhani nayo ni vilima. Bibi alicheka kwa dharau. "Hicho si kilima. Ni matumbo ya ardhi, wameyatoa nje wakayaacha. Umeona chemchemi pale? Umeona hata mbuzi?" Kilima, alisema, ni kile chenye maji na wafu.

Shuleni siku moja mwalimu alituambia tuchore nyumbani. Nikachora kwa moyo wote: kondoo, ukuta, mti unaofunga viatu, msalaba. Mwalimu aliishika karatasi yangu juu kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Hapa ni Uingereza, mpenzi," alisema. "Wewe si umetoka Kongo?" Darasa zima lilicheka, na msichana wa nyuma yangu akasema, "Eish, kwerekwere ana kilima cha wazungu." Neno lile la kuwaita wageni nilikuwa nimelizoea. Kilima ndicho kilichoniuma.

Nilirudi nikapanda kiti, na kwa mara ya kwanza nikasoma maneno madogo yaliyoandikwa chini ya picha. Mwalimu alisema kweli. Nilimgeukia bibi nikalia kwamba amenidanganya.

Bibi alisimamisha mguu kwenye kanyagio. "Nikuonyeshe kwa kitu gani basi?" aliuliza. "Sina kingine."

Ndipo ulipoanza msimu ninaoulilia mpaka leo. Kila Jumamosi mchana, sombe ya majani ya muhogo ikichemka na harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, ikipenya hadi kwenye magauni ya kwaya, bibi alipiga pasi huku akiirekebisha ile picha. "Toa kondoo, weka ng'ombe wenye pembe ndefu." Nilifumba macho, nikatoa, nikaweka. "Toa hiyo miiba ya manjano, weka maharage ya shangazi yako, hajui kupalilia lakini yanaota." "Chemchemi je?" "Chemchemi iache, ni ile ile. Toa mawingu hayo, weka yetu." "Mawingu yetu yakoje, bibi?" "Yetu yanajua kazi." Alitoa ukuta akaweka kitu. Alitoa mti akaweka mti mwingine, akautaja jina, akaniambia gome lake linanukaje. Nilirudia baada yake nikiwa natafuna kipande cha bugali. Nilidhani ni mchezo. Hakuniambia kwamba ananikabidhi kaburi.

Nilipofika miaka kumi na minne alikuja rafiki yangu wa shule, msichana wa Kensington, mtaa jirani wa wenye nafasi, aliyekuwa na chumba chake mwenyewe. Aliangalia pazia lililogawa chumba chetu, akaangalia vitambaa sakafuni, kisha akauliza ule msalaba kwenye kioo ni wa nini. Nikasema ni uchafu. Nikatemea mate mkono wa sweta yangu, nikaufuta.

Bibi alikuwa ameketi pale pale. Kiingereza alikielewa kidogo, lakini kufuta hakuhitaji Kiingereza. Rafiki yangu alipoondoka bibi alichukua chaki, akaishika muda mrefu, kisha akairudisha kwenye kopo la vifungo.

"Umefuta," alisema.

"Nitachora tena, bibi."

"Acha."

Nilichora hata hivyo. Hakuutazama. Jumamosi iliyofuata alipiga pasi kimya, na iliyofuata pia, na mimi nilikuwa na simu mpya na marafiki na kiburi, nikaona kimya kile ni nafuu. Hakurekebisha picha tena hadi alipokufa. Nami sikumwomba. Niliona kama wakati upo.

Jumanne ile nilikikuta chumba kimekuwa saluni. Mwenyewe ni dada mmoja wa Tanga, mnene, mcheshi. "Karibu dada, unasuka au unachungulia?" Picha ilikuwa pale pale ukutani, juu ya vioo na makopo ya mafuta ya nywele. Mali ya nyumba. Kioo kilikuwa safi, hakina alama yoyote. Nilimweleza kwa kifupi, naye akamwinua mteja mwenye nusu ya kichwa kilichosukwa, akanipisha.

Mjomba alipiga simu ya video. Nilikiona kilima nyuma yake, kijani kilichokolea, mwinuko mkali, hakifanani na mgongo wa ng'ombe wala wa chochote ninachokijua.

"Niko kwenye chemchemi," alisema akihema. "Nipande au nishuke?"

Chemchemi iache, ni ile ile. "Panda, mjomba. Mkono wa kulia. Panda mpaka kwenye ukuta."

"Ukuta gani, mama? Huku hakuna ukuta."

"Wa mawe."

"Tangu nizaliwe sijaona ukuta kwenye kilima hiki. Fikiri vizuri. Bibi alisemaje?"

Nilifumba macho. Niliona pasi, niliona mvuke wa sombe. Toa ukuta, weka. Mdomo wa bibi ulifunguka na hakukutoka kitu.

"Kuna mti," nilisema. "Umeinama."

"Umeinamishwa na nini?"

"Na upepo."

"Huku upepo hauinamishi miti, mama." Alisema kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa. Nyuma yake mashine zilinguruma. "Jina lake? Hata herufi ya kwanza."

Sikuwa nayo. Nilimwambia asubiri. Alisubiri kweli, mzee yule, amejiegemeza kwenye jembe, mpaka mtandao ukakatika, uso wake ukabaki umeganda mkononi mwangu.

Dada wa Tanga alinisukumia kiti. "Kaa, utaanguka." Kisha, kwa kunifariji nadhani, akatazama juu ya vioo. "Pazuri lakini. Kwani pale ndiyo kwenu?"

"Ndiyo," nilimjibu. "Sina kingine."

Mjomba alichimba sehemu tatu hadi giza, hakupata kitu. Juzi alinitumia picha. Upande wa chemchemi haupo. Kuna rundo la udongo wa manjano, refu, lisilo na jani, na ningeapa limepigwa picha kutoka dirishani Malvern.

Leo nikimtafuta mama namkuta Uingereza, chini ya mti unaofunga viatu, kondoo wa watu wakila nyasi juu yake, na kivuli cha wingu ambacho hakijasogea hata kidogo. Sijawahi kufika nchi ile na sina mtu huko. Kila Jumamosi mchana nafumba macho. Toa kondoo, weka ng'ombe. Toa miiba, weka maharage. Chemchemi nayo sasa naitoa. Toa ukuta, weka.

Weka nini, bibi.