Kwa Baiskeli Msituni, Mvua Ilipoyafukuza Magari

Niliondoka Nyeri kwa sababu ya Nafula. Mama yake alikuwa dada yangu, naye alikufa mtoto bado ananyonya. Nikamlea mimi, kwa hiyo kwa mila yetu ya Bungoma mama yake ni mimi na hakuna mwingine. Alipopata kazi ya kufundisha watoto wadogo Nanyuki, alikaa kwa kaka yangu Barasa, ambaye ni mwalimu na anapenda kila mtu akumbuke hivyo. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Siku moja dereva wa lori la mbao akaniletea maneno kutoka kwa Barasa: wazee wa kijana mmoja anaitwa Wekesa watakuja Jumamosi kumwomba Nafula. Kijana mwenyewe ni mpasua mbao tu. Nikikosa kufika, Barasa ataamua peke yake. Na mimi nilijua ataamua nini, maana alikuwa na mtu wake tayari, karani wa ranchi, mwenye bibi nyumbani na tumbo limemtangulia.

Sasa, ilikuwa mvua. Enzi hizo barabara zilikuwa za udongo, na mvua kubwa ikinyesha mti wa kizuizi ulilazwa katikati ya njia, magari yote yakae. Basi lilingoja, lori likangoja, hata gari la mzungu likangoja, mpaka udongo ukauke. Aliyepita ni mtu wa miguu na mtu wa baiskeli. Mume wangu alikuwa polisi pale Nyeri, na baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta.

"Mama Nasimiyu, barabara imefungwa," akaniambia.

"Imefungiwa magari. Mimi ni gari?"

"Na watu watasema nini, bibi ya polisi juu ya baiskeli?"

"Watasema amepita."

Akatikisa kichwa. Lakini nilimwona akienda kupaka cheni mafuta.

Ijumaa asubuhi nilishuka kuelekea Kiganjo. Kwetu Bungoma baiskeli ni kama mguu wa tatu, niliijua tangu nikiwa msichana. Huku mlimani mwanamke alibeba kuni kwa kamba ya kichwani, na ya baiskeli hayakumhusu. Wanawake waliokuwa njiani na mizigo yao walisimama wote.

"Haiya! Wewe mama, umeibia nani hiyo?"

"Nimeibia bwana yangu!"

"Basi kimbia, anakuja!" Wakacheka mpaka mmoja akadondosha kuni zake.

Kwenye mwanzo wa msitu mti ulikuwa umelazwa, na askari wa msitu amekaa chini ya koti lake kama kuku aliyenyeshewa.

"Huko kuna ndovu, mama."

"Ndovu hawajafungiwa barabara?"

Alicheka, halafu akafanya kitu ambacho sijasahau. Ningeweza kupita pembeni, lakini aliuinua ule mti mzima mpaka juu, kana kwamba mimi ni basi la Nairobi. Nikapita nimenyoosha shingo.

Ndani ya msitu barabara yote ilikuwa yangu. Nani leo ataamini? Hakuna honi, hakuna moshi, matairi yananong'ona tu kwenye majani yaliyoloa. Miti ya mierezi ilinuka kama sanduku la nguo jipya. Mbega waliruka juu, manyoya yao meupe yakining'inia kama shela ya bibi harusi. Na yale maziwa madogo! Kila baada ya kilima kulikuwa na moja chini, maji meusi, kimya, bata wawili watatu katikati. Penye uwazi mlima wenyewe ulitoka kwenye mawingu, na theluji mpya begani. Nilisimama nikautazama kama mtu aliyekuja kunisalimu. Hapo nilijisemea, hata kama sitafika, haya nimeyaona.

Karibu saa nne nilifika mtoni. Daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji. Kijana mmoja alikuwa amekaa ukingoni, viatu vimefungwa shingoni, anaupima mto kwa fimbo.

"Shikamoo mama. Hata wewe unavuka?"

"Marahaba. Navuka. Kwani wewe unaoga?"

Akaiweka baiskeli yangu kichwani akavuka nayo, maji yakimfika kiunoni. Halafu akarudi kwa ajili yangu. Mimi ilibidi nifunge gauni juu, juu kweli, mahali ambapo sitaandika. Yeye hakunishika mkono. Alinipa ncha moja ya fimbo, akashika ncha nyingine, akageuza uso akaangalia mlima mpaka tukavuka. Hakuna aliyemfundisha pale. Alifanya tu.

Alikuwa anaenda njia moja na mimi, kwa miguu, kwa sababu malori yamelala. "Panda keria," nikamwambia. Akakataa, ati ni aibu mama kumbeba mwanamume. "Basi aibu itembee kwa miguu," nikasema, nikaanza kukanyaga. Akakimbia, akaruka nyuma. Tulipoteremka kilima cha kwanza alipiga kelele kama mbuzi: "Breki, mama! Breki!"

"Breki imelala na malori!"

Mimi nilicheka, yeye alicheka, tope likatupaka mpaka meno. Alinizungumzia msichana wake. Ni mwalimu, akasema, hataki kuacha kufundisha. "Nimemwambia sawa, mimi najua kusonga ugali." Nikamwambia mwanamume wa kwetu asongaye ugali bado hajazaliwa. Akasema, "Nimezaliwa, mama. Uko na mimi hapa nyuma."

Saa sita tulifika kwenye vibanda vya watu wanaolima viazi katikati ya miche ya miti ya serikali. Mama mmoja wa pale, Wangari, alitukaribisha jikoni kwake, akatupa irio, viazi na mahindi vilivyopondwa, katika bakuli moja.

"Kijana wako?" akaniuliza.

"Wa njiani tu," nikasema. Tukala. Kijana alikuwa akisukuma mahindi upande wangu akidhani sioni.

"Na munaenda wapi na hii mvua yote?" Wangari akauliza.

"Mimi Nanyuki," akasema yule kijana. "Kwa mwalimu mmoja anaitwa Barasa. Kesho wazee wangu wanaenda kuniombea bibi."

Mkono wangu ulibaki ndani ya bakuli. Msomaji ambaye si wa kwetu, nikueleze. Kwa mila yetu mkwe na mama mkwe hawaonani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Na huyu Wekesa nilikuwa nimekula naye bakuli moja, nimembeba nyuma yangu, na mapaja yangu mto mzima ungeyatolea ushahidi.

Nikasimama. Nikafunika uso kwa kitambaa, nikatoka, nikashika baiskeli.

"Mama! Mama, nimekosa nini?"

Sikugeuka. Nilimsikia akiniita mpaka mahali barabara inapopinda.

Jioni nilifika Naro Moru, nikalala kwa mama mmoja wa kanisa letu. Nilimwambia nimechoka. Uongo. Nilikuwa nafikiria: nikisema nimekutana naye, Barasa atasema mila imevunjika na ndoa imekufa. Nikinyamaza, nitamkubalije mtu ambaye wote wanajua sijamwona?

Jumamosi kabla ya saa tatu nilikuwa Nanyuki, mlangoni kwa Barasa, na tope la jana bado kwenye gauni. Wazee walikuwa wamekaa. Wekesa mwenyewe hakuwepo ndani, kama inavyotakiwa. Nafula alikuwa nyuma ya pazia, miguu yake inaonekana.

Barasa akaanza kwa sauti ya darasani. "Huyu kijana hana kitu. Kuna mtu mwingine, karani, anajulikana. Dada, wewe unaweza kusema nini juu ya mtu ambaye hujamwona hata kivuli?"

Nikaangalia ile miguu nyuma ya pazia.

"Nimemwona," nikasema. "Nimevuka naye mto, nimekula naye. Na nimembeba kwenye keria ya baiskeli."

Barasa akaanza kuinuka kitini. Halafu mzee mmoja wa upande wa Wekesa, hana jino hata moja, akaanza kutikisika.

"Ulimbeba wewe? Mlimani ama mteremkoni?"

"Kote kote."

"Na alipiga kelele?"

"Alilia kama mbuzi."

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa, pazia nalo likacheka. Alipopata pumzi akasema, "Barabara haikuwa na watu, na huyu mama hakujua. Ya jana tuyaache msituni. Lakini kuanzia leo heshima iwe kamili, asimwone tena."

"Nakubali," nikasema. "Na kijana namkubali. Karani apelekewe salamu."

Hivyo ndivyo Nafula alivyoolewa.

Jumanne vizuizi vilifunguliwa. Barasa alitaka kunipakia kwenye lori, nikakataa, nikarudi na njia yangu ileile. Daraja lilikuwa limewekwa magogo mapya. Magari yalipita yakinirushia maji, na mbega sikuwaona hata mmoja. Nilipokaribia kiwanda cha mbao anakofanya kazi mkwe wangu, nilisikia msumeno ukinyamaza. Wekesa alikuwa ameniona kwanza. Aliingia nyuma ya lundo la mbao, na mimi nikashuka kwenye baiskeli, nikafunika uso, nikaisukuma polepole. Nilitaka sana kumwambia hakukosa kitu. Nikapita. Nilipofika mbali, msumeno ukaanza tena.

Wameniletea wajukuu saba, wote wanaendesha baiskeli, na ugali husonga baba yao, nimesikia. Wamama wenzangu hulalamika ati walitoa binti kwa mtu wasiyemjua. Mimi wangu nilimjua kabisa, asubuhi moja, na kwa kumpa binti nikakubali kutomjua tena. Sijuti. Lakini ikinyesha usiku kucha, na kukicha nisisikie gari hata moja, mguu wangu bado unatafuta pedali.