Bomba la tope lililoita wachimbaji

Saa tatu asubuhi, Mbuke Mihayo amezama hadi kifuani katikati ya mafunjo, amelikumbatia bomba la plastiki lililosimama wima kwenye tope. Analipandisha taratibu. Akilitikisa, matabaka ya tope lililomo yatachanganyika na kazi yote itakuwa bure.

Lakini leo macho yake hayako kwenye bomba. Ukingoni wamesimama wanaume wapatao thelathini, wameshika sululu, machepe na makarai. Pikipiki zao zimeziba njia ya kutokea.

"Shikamoo, mama," anaita aliye mbele, Mwita, mchimbaji aliyewaongoza wenzake kutoka machimbo ya Runzewe.

"Marahaba, baba."

"Hilo bomba litafunguliwa hapa hapa. Bila hivyo haliondoki."

Hakuna anayecheka. Mwandishi naye anaanza kutafuta mti wa kujibanza, na kwenye kinamasi hakuna mti.

Mbuke (46), anayefahamika zaidi kama Mama Wema, anaishi ufukweni mwa Ziwa Victoria wilayani Chato, mkoani Geita, mwendo wa bodaboda kutoka Buseresere. Kwa miaka mingi amekuwa akikata mafunjo hapa na kufuma majamvi. Tangu Juni anamsaidia Dorah, mtafiti wa chuo kikuu, kwa posho ya Sh15,000 kwa siku.

Wanachotafuta ni asili ya kaboni iliyozikwa kwenye tope hilo, yaani mabaki ya vitu vilivyowahi kuwa hai. Je, yametoka kwenye mafunjo yenyewe, kwenye udongo wa mashamba ya pamba ya mlimani, au kwenye samadi ya ng'ombe wanaokuja kunywa maji? Jibu litaonyesha kipi kilindwe ili kinamasi kisife.

Dorah aliyaeleza hayo kwenye mkutano wa kijiji. Waliomsikiliza walikuwa wachache, na waliomwamini wachache zaidi.

Balaa lilianzia kwenye kubeba. Mabomba hayatakiwi kupigwa jua wala kutikiswa, hivyo Mbuke aliyafunika kwa khanga, akayafungia kwenye masanduku ya barafu na kuwafukuza waliosogea kuchungulia.

"Nilikuwa nalinda kazi ya watu," anasema. "Nikasahau niko Geita. Huku ukificha udongo, basi umepata dhahabu."

Lisemwalo lipo, walisema wahenga. Ukanda wa dhahabu hauna hata subira ya kungoja liwepo. Habari ilifika Buseresere, ikaenda Runzewe, na leo imekuwa rashi, zile mbio za kugombea machimbo mapya.

Mbuke anajua mwisho wake. Ghuba ya jirani ilichimbwa kwa uvumi kama huu. Mafunjo yaling'olewa, dhahabu haikuonekana, na sasa pamebaki mashimo yenye maji ya kahawia.

"Wafumaji wa kule wanakuja kuomba mafunjo huku kwetu. Haya nayo yakiisha, mimi nitaomba kwa nani?"

Analifikisha bomba ukingoni. Ndilo lililozama chini zaidi kuliko yote waliyowahi kutoa. Dorah, aliyekuwa akimngoja hapo na masanduku, anamnong'oneza walikimbize garini. Mbuke anatikisa kichwa. Kabla ya kuhamia hapa aliosha mchanga wa dhahabu Runzewe, mwanawe Wema akiwa mgongoni, na anajua mchimbaji haamini maneno matupu.

"Nipe karai," anamwambia Mwita.

"Mama Wema, hapana!" Dorah anapaza sauti. "Hilo hatuna la pili!"

"Na kinamasi je, tunacho cha pili?"

Anamimina tope lote, anaongeza maji, anazungusha karai. Yanaelea majani yaliyooza nusu, mizizi, gamba la konokono. Watu wanasogea hadi pumzi zao zinasikika. Kisha, chini kabisa ya karai, kitu kinang'aa.

Kelele zinalipuka. Sululu ya kwanza inatua kwenye mafunjo.

"Ngojeni!" Mwita anafoka. Anaiokota chembe hiyo, anaiweka juu ya ukucha wa kidole gumba na kuibonyeza. Dhahabu ingebonyea. Hii inapukutika.

"Ni mawe ya kung'aa tu haya. Hamna kitu hapa, twendeni."

"Wabeja, baba," Mbuke anamshukuru kwa Kisukuma.

Pikipiki zinawaka moja baada ya nyingine. Mbuke anaketi kwenye tope. "Niliogopa sana," anasema. "Nilijua nimekiua kinamasi kwa mikono yangu mwenyewe."

Dorah anafuta machozi. Tope lile la chini kabisa hawajawahi kulifikia kabla ya leo, na itabidi wangoje kiangazi kijacho, maji yapungue, ndipo wajaribu tena.

Safari hiyo Mbuke hataki khanga. Anataka kijiji kizima kiitwe, na bomba moja lifunguliwe na tope lake lioshwe mbele ya watu kabla mengine hayajafungwa.

Ila si wote walioondoka. Mwanamume mmoja bado ameketi ukingoni, sululu magotini, anayatazama mafunjo. Hakuna anayethubutu kumuuliza anangoja nini.

"Huyo ndiye nitakayemwita wa kwanza," anasema Mbuke. "Aingie nami majini, alishike bomba mwenyewe. Asipoamini mikono yake, basi achimbe. Lakini atanikuta nimekaa hapo hapo anapotaka kuchimba."