Nilivyomtafutia Mkongo kibali cha kupiga gitaa, Shinyanga ya mkoloni

Wakuu, habari zenu. Asiyeamini aamini tu, nilikuwepo kwa miguu yangu yote miwili. Nimeihesabu.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Kazi yangu ilikuwa udalali wa starehe. Wachimbaji wa dhahabu kule Geita wakaniambia wamechoka na santuri, wanataka mpiga gitaa anayetoka jasho.

Nikawaahidi Jumamosi. Mnaowajua wachimbaji mnaelewa kuwa hapo niliweka rehani meno yangu.

Nikamleta Fransisi kutoka Kongo ya Mbelgiji, kwa treni ya Kigoma. Kushuka tu Shinyanga, askari akatudaka: mgeni hafanyi kazi bila kibali. Asipokipata leo, kesho anarudishwa kwao.

Tukaenda bomani. Karani mkuu, Msukuma mwenzangu, kavaa tai. Joto la Shinyanga mnalijua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu kazi yake nini?"

"Mwanamuziki."

Akaipekua fomu mara mbili. Seremala yumo, mmisionari yumo, hata mwandishi wa magazeti yumo. Mwanamuziki hayumo.

"Nitajuaje kama si mpelelezi? Hebu apige."

Fransisi akapiga. Wimbo wa kwanza, makarani wakaweka kalamu chini. Wa pili, tarishi akatikisa mabega kama yuko kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Wa tatu aliuomba karani mkuu mwenyewe.

Kisha akanyoosha tai.

"Sasa amefanya kazi bila kibali. Namwandikia kosa."

Wakuu, Mkongo akaanza kulifunga gitaa kwenye shuka. Ulimi nikaupitisha kwenye meno, kuyaaga.

Nikauliza kwa adabu: "Mzee, na anayempa mgeni kazi bila kibali?"

"Huyo ndiye mwenye kosa kubwa!"

"Basi mimi sijamwagiza wimbo hata mmoja. Wewe umemwagiza. Makarani wanne na tarishi wameona. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, yuko chumba cha pili, nimwite?"

Tarishi akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe mtu mbaya," karani akanong'ona. Mhuri ukagonga.

Kwenye kazi akaandika: *mwandishi wa magazeti*. Fransisi hakujua kuandika hata jina lake. Jumamosi Geita ilicheza, na meno nilibaki nayo hadi yalipong'oka kwa uzee.

Nilichojifunza: ofisi ikikudai uthibitishe kazi yako papo hapo, tafuta kwanza nani mwajiri.

Wasanii na wanahabari mliozungushwa na vibali, mwageni yenu hapa chini. Makarani pia karibuni, mjitetee.