Kuitafuta Zohali kwa Mkono

Shemeji yangu alikuwa Maskati anafunga mizigo kuja Unguja, na mizigo hiyo ilikuwa na nafasi ya darubini moja tu. Alitaka jibu: ya kompyuta au ya mkono? Alinipa mpaka kesho yake baada ya Isha.

Mke wangu naye alikuwa na sharti. Amenishuhudia nikinunua udi nisioweza kuupiga, mizinga ambayo nyuki waliikataa, na baiskeli iliyonifikisha Jozani mara moja, ikarudi juu ya lori la mchanga.

"Safari hii nataka kuona kwanza," alisema. "Nionyeshe hiyo Zohali yako, ndugu yangu ataibeba darubini. Hukunionyesha, aje na mchele wake."

Nikakubali. Kwa miezi nilikuwa nikihutubia barazani juu ya pete za sayari ya Zohali kama mtu aliyewahi kuzivaa, na sikuwa nimeziona hata siku moja.

Rafiki yangu mmoja, anayewaonyesha nyota wageni wa hoteli za pwani ya mashariki, akaniazima darubini za aina zote mbili nizijaribu. Jioni ya kwanza nilianza na ya kompyuta, kwa sababu nimesoma chuo kikuu na nina imani na maelekezo yaliyoandikwa. Nikaipandisha juu ya nyumba, kwenye sakafu ya kuanikia nguo. Ilitaka kujua mambo matatu tu. Kaskazini ni wapi? Hilo rahisi: kwetu kibla ni kaskazini, nami nilikuwa nimetoka kusali Magharibi. Tuko wapi? Zanzibar ilikuwemo, nikafurahi kama nimetajwa mimi. Saa ngapi? Ilikuwa saa moja na nusu, nikaandika moja na nusu.

Nikaiagiza Zohali. Ikanguruma, ikazunguka kwa adabu, ikainama upande wa magharibi, ikatulia. Nikachungulia. Buluu tupu.

"Ndiyo yenyewe?" mke wangu akauliza.

"Subiri."

"Maana mie naona imelenga lile tangi la maji la buluu la jirani."

Nikaizima, nikaiwasha, nikaiandikia yale yale. Ikarudi kwenye tangi. Nilikuwa nimeshaanza kuwasema vibaya walioitengeneza, pale mke wangu alipoinamia kioo kidogo cha darubini.

"Bwana we, mbona hii inafikiri ni usiku wa manane?" Kisha akaelewa, akaishika kamba ya nguo asianguke kwa kicheko. "Umeipa saa ya Kiswahili! Na digrii zako zote mbili!"

Kwa hesabu ya mashine ile, saa moja na nusu ni wakati watu wamelala fofofo na Zohali inakwenda kuzama. Nikaandika kumi na tisa na dakika zake. Ikainuka karibu na utosi wa mbingu, na Zohali ikawemo: kitone cha manjano, na pete zake, ambazo mwaka huo zilikuwa zimetugeukia ukingo, zimepita katikati kama sindano.

"Mashaallah," mke wangu akasema, jicho bado kwenye darubini. Halafu akanisogeza mbali na darubini, akatazama juu. "Haya, ni ipi? Nionyeshe kwa kidole."

Nikanyoosha kidole. Nikakirudisha. Juu yetu kulikuwa na nyota tatu zinazofanana, na sikujua ipi kati yake ndiyo Zohali.

"Basi aliyeipata ni mashine," akasema. "Wewe umebonyeza."

Sharti lilikuwa limetimia, ningeweza kunyamaza na kuchukua ushindi wangu. Sikulala vizuri.

Jioni ya pili nikapanda na ile ya mkono: bomba nene juu ya sanduku la mbao, haina waya wala haiulizi saa. Unaisukuma mwenyewe. Ukiipeleka kulia, nyota inakimbilia kushoto. Ukiikamata, ukivuta pumzi tu, imeshatoka. Shingo ikaniuma, goti likalia, wingu likaja likakaa. Lilipoondoka nikaanza upya kwa nyota ya kwanza kati ya zile tatu. Haikuwa na pete.

Adhana ya Isha ikaisha, nikasali pale pale juu. Sijakunja mswala, simu ikalia.

"Shemeji, nshafunga kila kitu, limebaki pengo lako tu. Ipi?"

"Ya mkono."

"Una hakika?"

Mke wangu alikuwa amepanda na chai. "Kwa hii hujaiona hata hiyo Zohali!" akanong'ona.

"Ya mkono," nikarudia kwenye simu, kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili, nikaaga.

Akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, akajimiminia chai yeye kwanza. "Na ukikesha hapa?"

"Bado mbili," nikamwambia. Nikainama, nikalisukuma bomba kushoto, taratibu, ili nyota ije kulia.